Fedha ya Mteja si Mali ya Wakili

Ukishinda kesi, fedha yako yaweza kupitia kwa wakili. Hapo si mali yake, ameishika tu kwa niaba yako. Nchini Kenya kanuni zinamtaka wakili aiweke katika akaunti ya benki ya wateja, mbali na fedha yake mwenyewe. Na kila mteja awe na hesabu yake katika daftari.

Tuangalie mfano wa mjane aliyelipwa fidia ya shamba:

Imeingia: fidia, sh. 800,000
Imetoka: ada ya mahakama, sh. 20,000
Imetoka: malipo ya wakili, kama walivyopatana, sh. 80,000
Imebaki: sh. 700,000

Yaliyotoka jumla ni sh. 100,000. Toa katika 800,000, utapata 700,000. Hesabu imelingana.

Sasa jumlisha baki za wateja wote. Lazima zilingane na fedha iliyoko benki. Ikipungua, huenda fedha ya mtu imeguswa.

Kwa hiyo dai stakabadhi na hesabu iliyoandikwa. Kusoma unajua, usitie sahihi karatasi usiyoisoma.

Zoezi: Fidia sh. 600,000, ada sh. 15,000, wakili sh. 60,000. Mteja apewe ngapi?

(Jibu: sh. 525,000)