Sehemu tatu za michezo kwa siku moja?

Swali: Tunaishi Mbagala, tuna watoto watatu, mdogo ana miaka minne. Likizo hii tunataka kuwapeleka Fun City ya Kigamboni, Kunduchi Wet 'n' Wild na Kijiji cha Makumbusho kwa siku moja. Tutaweza?
Mama wa watatu

Jibu: Mama, chagueni moja, mshinde hapo. Kiingilio cha michezo ya maji hulipwa kwa kila kichwa, na mnachonunua hasa ni saa za kucheza. Zikiliwa na foleni ya Barabara ya Bagamoyo, hazirudi. Kwenu Mbagala, Kigamboni ndiko karibu: mnapita Kongowe hadi Mjimwema, bila kivuko wala kukatiza mjini. Kunduchi iko ng'ambo ya pili kabisa ya jiji. Fikeni asubuhi. Mdogo akichoka, apate chakula na usingizi kivulini. Wakubwa waendelee, lakini mtu mzima mmoja asiondoe macho majini, hata kwa simu.

Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa 1966, kiwekeeni Jumamosi yake. Nyumba zile za makabila zinataka mtoto mwenye nguvu za kuuliza maswali. Kunduchi ningeisubirisha hadi mdogo akue kidogo.