Kitambulisho Kipo, Sasa Tuwasindikize Wazee

Wavuvi wa Kipemba walianza kuhamia pwani yetu kabla ya uhuru wa 1963. Wengi wamezeekea huku bila kitambulisho. Mwaka 2023 Serikali iliwatambua kuwa jamii ya Kenya, na mwezi Julai Rais William Ruto akawapa vitambulisho vya kwanza mjini Kilifi.

Je, kazi imekwisha? Bado! Kadi ikilala sandukuni haimtibu mzee. Sisi wa Kikambala tufanye hivi:

1. Umri. Mzee akiandikiwa kitambulisho, tuhakikishe mwaka wa kuzaliwa ni sawa. Wa miaka 71 akiandikwa 61, basi atangoja miaka tisa kufikia umri wa Inua Jamii.

2. SHA. Ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kujiandikisha ni bure, na aliyejiandikisha hutibiwa bure zahanati ya serikali. Lakini kulazwa hospitali kubwa kunataka mchango uwe umelipwa.

3. Inua Jamii. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi. Uandikishaji haufunguliwi kila siku, kwa hiyo tumuulize chifu mapema.

Mzee asiyeona vizuri hawezi kuzunguka ofisini peke yake. Na tusiulize anasali wapi. Ni jirani yetu.

Tujadili kikundini:
- Mtaani kwetu, ni bibi au babu yupi hana kadi?
- Nani atamsindikiza, na nauli itatoka wapi?