Ardhi ya Wote, Nyumba ya Mtu

Somo letu mwezi huu latoka katika Walawi, sura ya 25. Humo mna agizo kwamba ardhi isiuzwe moja kwa moja, kwa kuwa mwenyewe ni Mungu, nasi twaikaa kama wageni wake. Mara nyingi twaisoma sura hiyo kama habari ya Waisraeli wa zamani, tukaipita. Lakini hapa Mkoani kijana anayetaka kuoa huulizwa kwanza atakaa wapi, na kiwanja humshinda kabla hajafikiria matofali na mabati. Basi tuisome tena.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1871 Askofu Tozer alinunua shamba la Mbweni, Unguja, na baadaye, wakati wa Askofu Steere, watu waliookolewa utumwani wakapewa humo nyumba na kipande cha kulima. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali iliitwaa ardhi ikawagawia wakulima eka tatu tatu, Unguja na Pemba. Sharti lilikuwa kwamba eka hizo zisiuzwe wala zisikatwe vipande. Sote twajua yaliyotokea. Kuna zilizokatwa na kuuzwa kimya kimya, kwa ajili ya mgonjwa, kwa ajili ya harusi, kwa ada ya skuli. Hatuwalaumu waliouza, mwenye shida huuza alicho nacho. Twasema tu kwamba sharti liliandikwa, lakini hapakuwa na mtu wa karibu wa kumwambia mwuzaji, "Ngoja, usimpe mgeni, sisi wenzio tutaichukua."

Jirani zetu wa Kenya walijaribu kuliziba pengo hilo. Huko Voi, katika njia ya Mombasa kwenda Nairobi, upo mtaa uitwao Tanzania-Bondeni (jina hilo si kosa la mpiga chapa). Watu walikaa pale bila hati, juu ya ardhi ya Serikali, ya shirika la reli na ya shamba la mkonge. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mpango wa kuutengeneza mtaa ulipofika, waliulizwa wataka kuishika ardhi kwa namna gani. Waliogopa kwamba kila mtu akipewa hati yake peke yake, wenye fedha watazinunua, na maskini watakwenda kujenga vibanda mahali pengine. Wakachagua amana ya ardhi ya jumuiya.

Amana hiyo ni hivi. Ardhi hushikwa na wadhamini kwa niaba ya wakazi wote, nayo haiuzwi. Nyumba ni ya aliyeijenga. Aweza kuirithisha, aweza kuiuza. Lakini akiuza, auza kuta, paa na kazi ya mikono yake, si udongo ulio chini. Na chama cha wakazi ndicho cha kwanza kuulizwa kama kitainunua. Kwa hiyo anayefuata halipi bei ya kiwanja. Majirani zetu Waislamu wataona hapo kitu cha jamaa na wakfu, kazi waliyoizoea karne nyingi. Tukitaka walimu, tubishe hodi mlango wa pili.

Hasara zipo. Asiyekuwa na hati yake mwenyewe hupata taabu kuweka rehani benki, na makaratasi ya Voi yalikwenda polepole. Tena amana yenyewe yaweza kuanguka. New Communities, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya namna hii, ilianzishwa mwaka 1969 na watu weusi wa Georgia, Marekani, ikiwa na eka zaidi ya 5,000. Ukaja ukame, mkopo wa Serikali ukacheleweshwa kwa ubaguzi, na mwaka 1985 shamba lote likachukuliwa kwa deni. Walinzi walikuwapo, deni likawashinda.

Kwetu Zanzibar ardhi yote kisheria ni ya umma, na mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Basi tutakapokaa pamoja baada ya Misa, wazee na vijana, tuzungumze haya: haki hiyo ikishikwa na watu kumi badala ya mmoja, nani atakuwa mdhamini ambaye hata shangazi yake hataweza kumshawishi? Na mwenzetu akipata mgonjwa, akataka kuuza usiku huu, chama kitakuwa na fedha gani ya kumpa?