Mofimu kapa kwenye prosesa: jinsi ya kusoma orodha ya vipande vya kompyuta

Mwaka 2023 yaya wangu, ambaye kazi yake ni kupiga na kuhariri video za arusi hapa Kasongo, aliamua kuachana na laptopu yake iliyochoka. Alikuwa na dola 400 na makusudi mawili: mchana kompyuta mpya ihariri video, jioni vijana wa mtaa wacheze PES kwa malipo. Duka la vipande karibu nasi hatuna. Mfanyabiashara mmoja alikuwa akienda Bukavu, na kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa lugha" nyumbani, nilipewa kazi ya kuandika orodha. Niliandika: prosesa Ryzen 5 5600, bodi mama ya A520, ramu, diski. Kisanduku cha umeme tuliamua kukichomoa kwenye kompyuta ya zamani ya ofisi ili kubana matumizi. Mzigo ulipita Uvira, Fizi na Kabambare, kituo kilekile ambacho misafara ya karne ya 19 ilikipitia ikija huku na Kiswahili chake, ukatufikia kwa pikipiki baada ya wiki saba. Tukaunganisha kila kitu. Feni zikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi.

Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Nilikuwa nimeacha herufi moja.

Jina la prosesa huchanganuliwa kama tunavyochanganua kitenzi darasani. Chukua Ryzen 5 5600G. Ryzen ni jina la ukoo. 5 inayofuata ni ngazi (zipo pia 3, 7 na 9). 5 ya pili inatuambia kwamba tumo katika mfululizo wa 5000. 600 ni cheo ndani ya mfululizo huo. G ya mwisho ni kiambishi tamati, na maana yake ni kwamba ndani ya prosesa imo sehemu ya kuchora picha. Bila G, sehemu hiyo haimo, na skrini haitapata kitu mpaka ununue kadi ya picha ya peke yake. Prosesa hizo mbili zina viini 6 kila moja, zinaingia katika bodi mama ileile, na sanduku zake zinafanana. Tofauti ni herufi moja.

Ukigeukia Intel, kanuni inapinduka. Core i3-12100 ina sehemu ya picha, 12100F haina. Huko kiambishi kinatangaza upungufu. Kwa hiyo mofimu kapa ya AMD katika mfululizo wa 5000 husema "haina", na mofimu kapa ya Intel husema "ina". Isitoshe, lugha hii inabadilika haraka: tangu mfululizo wa 7000 wa mwaka 2022, AMD imeweka sehemu ndogo ya picha katika prosesa zake za mezani karibu zote, na F ikaanza kutumika kama kwa Intel. Mwalimu wa mofolojia angefurahia mfano huu. Yaya hakuufurahia. Alikuwa amekwisha kupokea malipo ya awali ya arusi mbili, akalazimika kuzimalizia kwenye laptopu ileile, usiku kucha, kwa jenereta. Petroli ilikula faida yote.

Kosa la pili lilikuwa la semantiki, na hili hatukulifanya peke yetu. Mfanyabiashara alipiga simu kutoka Bukavu: "Memwari iko ngapi?" Yaya akajibu 500, akifikiria diski. Yule bwana alikuwa anauliza ramu. Neno lililotoka Kifaransa linabeba vitu vitatu, na "kumbukumbu" ya Kiswahili sanifu haitusaidii, kwa sababu imerithi ugonjwa uleule. Ramu ndiyo meza ya kazi: kwa kuhariri video, gigabaiti 16 ni kiwango cha kuanzia, na ni afadhali ziwe vijiti viwili vya 8 kuliko kimoja cha 16, maana vijiti viwili hufungua njia mbili za kupitisha data. Hilo lina uzito zaidi kwa prosesa yenye G, kwa sababu sehemu yake ya picha hukopa ramu ya kompyuta. Diski ndiyo ghala: SSD kwa mfumo na kazi iliyo mkononi, diski ya zamani ya kuzunguka kwa arusi zilizokwisha. Ya tatu ni kumbukumbu iliyo ndani ya kadi ya picha, na hiyo haiongezeki baada ya kununua. Tangu siku ile sisi hatutumii tena neno memwari peke yake.

Basi tukahitaji kadi, na hapa neno la yaya mwenyewe lilitukwamisha. Yeye husema "kutoa video". Ndani ya "kutoa" kuna kazi tatu: kufungua faili za kamera, kuchora madoido na maandishi, halafu kusimba upya filamu nzima iwe faili moja ndogo. Mchezo wa mpira unahitaji kuchora tu. Kadi inaweza kuchora vizuri na isijue kusimba kabisa. Radeon RX 6500 XT, iliyotoka Januari 2022 kama kadi ya bei nafuu, inacheza michezo bila taabu, lakini imeondolewa saketi za kusimba video. Kazi hiyo yote inarudi kwa prosesa. Kwa kijana wa PES ni kadi nzuri. Kwa mpiga video wa arusi naiona ni hasara. RX 580 ya mwaka 2017 ina kumbukumbu ya gigabaiti 8, inasimba, na mitumba yake ni rahisi, lakini anayetaka kutengeneza katuni kwa Blender ajue kwamba tangu toleo la 3.0 la Desemba 2021, Cycles haiitumii tena. (Jihadhari pia na mitumba iliyofanyishwa kazi ya kuchimba sarafu za mtandaoni mchana na usiku.)

Kilichoamua zaidi kilikuwa betri. Tunatumia umeme wa jua: betri moja ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100. Zidisha, unapata wati-saa 1,200. Betri ya namna hiyo haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo baki na 600. Inveta inakula sehemu yake, zinabaki kama 510. Kompyuta yenye RX 580, kadi ambayo peke yake imepimwa wati 185, pamoja na skrini ingekaribia wati 300 ikifanya kazi kwa nguvu. Muda wake usingefika saa mbili. GTX 1650 ya mwaka 2019 ina gigabaiti 4 tu na video ya 4K inaitesa, lakini inasimba, imepimwa wati 75, na zipo nyingi zisizohitaji waya wa ziada kwa kuwa umeme wote zinaupata kwenye bodi mama. Kwa hesabu yetu kompyuta nzima ingekaa kwenye wati 200, yaani saa mbili na nusu. Arusi za hapa hupigwa kwa 1080p. Tukachagua hiyo.

Leo, mtu mwenye mtaji kama wetu na asiye na kompyuta bado, ningemwambia anunue 5600G kwanza, acheze na kuhariri kazi ndogo nayo, kisha kadi aiongeze pesa zikipatikana.

Orodha ya pili niliiandika kwa herufi kubwa, kifaa kimoja kila mstari, jina zima, wati na gigabaiti pembeni. Mfanyabiashara aliisoma kwa simu, tarakimu kwa tarakimu, akafika kwenye maneno "GTX 1650, ISIWE SUPER" akasimama.

"Super si ndiyo bora, mwalimu?"

Nikamwambia ni bora kweli, ila inataka wati 100 na waya wa pini 6, na kisanduku chetu cha zamani hakina waya huo.

"Basi narudia," akasema. "1650, kavu."