Buyoga ya Pori: Sufuria Haiondoi Sumu



Mvua imeshika. Kuanzia mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 3, pori letu la miombo huku Haut-Katanga linatoa uyoga, ama buyoga kama tunavyosema nyumbani. Unakuja wakati mzuri: mahindi yangali shambani, gunia la mwaka jana limekwisha, na franga ya kununua samaki haipatikani. Somo la leo ni juu ya kuupika vizuri. Tunaanza mbali na mbabula, kwa sababu kazi ya kwanza ya mpishi inafanyika porini.

1. Kuchagua

Wengi wanasema: "Tuchemshe tu, tumwage maji, sumu itaisha." Hapana. Kuchemsha na kumwaga maji kunapunguza uchungu na ukali wa uyoga fulani. Sumu ya Amanita zinazoua haiishi kwa kuchemsha, wala kwa kukaanga, wala kwa kuanika. Kijiko kisichobadilika rangi si ushuhuda. Uyoga ulioliwa na wadudu au konokono si ushuhuda pia.

Tente tunayoipenda ni ya ukoo huo huo wa Amanita. Kwa hiyo:

- Chuma uyoga unaoujua kabisa tu. Ukiwa na mashaka, acha.
- Ung'oe pamoja na shina lake la chini. Ukikata na kisu, alama za kuutambua zinabaki ndani ya udongo.
- Usichanganye aina ndani ya kitunga kimoja.
- Usichume karibu na takataka za mine au pembeni ya barabara kubwa. Uyoga unavuta madini ya udongo.

2. Kusafisha

Tumia kitunga, si sashe ya plastiki, maana ndani ya sashe unapata joto na kuoza. Upike siku ile ile. Ondoa udongo kwa kisu, pasua kila mmoja kutazama funza, kisha osha haraka kwa maji safi. Weka mmoja mbichi pembeni mpaka kesho yake. Tutaona sababu hapa chini.

3. Kupika

*Na karanga.* Kata uyoga wa kujaza bakuli mbili. Tia chumvi, funika, uache uchemke ndani ya maji yake dakika 20. Ongeza kitunguu kimoja na nyanya mbili. Koroga kikombe kimoja cha karanga za kusaga na maji, mimina, punguza moto. Koroga dakika 15 ili isishike chini. Inapendeza na bukari.

*Wa kukaanga.* Uyoga mdogo wa manjano, chemsha dakika 10, mwaga maji, kamua. Kaanga kitunguu na mafuta, tia uyoga na pilipili, geuza mpaka ukauke.

*Na matembele.* Ule mkubwa wa kichuguu una nyama nyingi. Upasue vipande, uchemshe dakika 20, ndipo utie majani na mafuta kidogo.

Usiupike nusu nusu. Uyoga usioiva unasumbua tumbo, zaidi la watoto.

4. Kuanika

Ukizidi, kata vipande vyembamba, tandika juu ya mkeka kwenye jua, na uingize ndani usiku. Uko tayari ukivunjika kama kijiti. Tunza ndani ya chombo kinachofungwa. Siku ya kupika, loweka ndani ya maji ya moto dakika 30.

5. Kama mtu amegonjwa

Sumu mbaya zaidi inachelewa: kutapika na kuhara kunaanza mara nyingi saa 6 mpaka 24 baada ya kula. Halafu mgonjwa anaweza kuonekana amepona, kumbe ini linaharibika. Msidanganyike na nafuu hiyo. Pelekeni hospitali wote waliokula, hata wasiosikia kitu, na mbebe ule uyoga mbichi uliobaki ili muganga autambue.

Kazi ya mkutano ujao

Kila kikundi kiite wamama na wazee wanaojua uyoga. Walete aina tatu wanazokula na moja wanayoikataa, na waeleze mbele ya vijana wanazitofautisha namna gani. Kama majibu hayapatani juu ya aina moja, aina hiyo isiingie kwenye sufuria, wala isipelekwe sokoni.