Podikasti ya Ubunifu Inayodumu: Ninavyoiendesha Kutoka Mkiwa

Podikasti nyingi za Kiswahili ninazozifahamu zimekufa zikiwa na maikrofoni nzuri tu. Kilichoziua ni kuishiwa la kusema. Mwenye podikasti alianza na watu maarufu aliokuwa na namba zao, akawamaliza, akakaa kimya wiki mbili, kisha mwezi, ikawa basi. Mimi naishi Mkiwa, wilaya ya Ikungi, mkoani Singida. Huku hakuna msanii mkubwa wala mkurugenzi wa kampuni ya kuhojiwa, lakini podikasti yangu kuhusu ubunifu bado inatoka mpaka leo. Wengi wananiuliza nafanyaje, kwa hiyo nimeona niandike utaratibu wote mahali pamoja.

Kwa wasiopajua, Mkiwa ni njia panda. Barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Singida inapita hapa, na hapa ndipo inapochepuka ile ya Itigi, Rungwa hadi Mbeya. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanapita usiku na mchana. Kazi yangu ni kutengeneza simu, kuchaji, na kujazia watu nyimbo kwenye memori kadi. Kumbuka hiyo kazi ya memori kadi, maana tutairudia.

1. Chagua swali kabla ya wageni

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Podikasti ya kudumu inasimama juu ya swali ambalo kila mtu anaweza kulijibu kwa namna yake. Langu ni hili: ulikwama wapi, na ukafanyaje? Nimemuuliza fundi baiskeli, mkunga, dereva wa lori, mwalimu wa hesabu na mfuga nyuki. Hakuna aliyewahi kukosa jibu, na hakuna majibu mawili yaliyofanana.

Epuka swali la "wazo hili ulilipata wapi?" Huku kwetu utajibiwa "ni Mungu tu", na mazungumzo yameishia hapo. Mtu halikumbuki wazo lilikotoka, lakini anaikumbuka vizuri sana siku mashine ilipomkatalia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Mtanzania Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia kwenye jokofu ukiwa wa moto umeganda kabla ya ule uliopoa. Alipomuuliza mwalimu wake, hakuaminiwa. Akaliweka swali lake mpaka alipokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, ambako alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Osborne aliporudi chuoni aliagiza jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na leo duniani kote jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba, ingawa wanasayansi bado wanabishana kama kweli hutokea na kwa nini. Ukiitazama vizuri, hadithi nzima ni jibu la swali langu: alikwama wapi, na akafanyaje.

2. Watafute wabunifu wasiojiita wabunifu

Ukitangaza kijijini kwamba unatafuta wabunifu, hatatokea mtu. Nenda mahali vitu vinapoharibika: gereji, kwa mchomeleaji, kwenye mashine za kukamua alizeti, kwa fundi cherehani. Mkoa wetu ni wa alizeti, kuku wa kienyeji na asali, na kila moja ya shughuli hizo ina watu wanaohangaika kila siku na vifaa visivyotosha.

Kipindi kilichosikilizwa zaidi ni cha mama mmoja aliyejitengenezea mashine ya kutotolesha vifaranga kwa boksi la plaiwudi, balbu na beseni la maji. Yai la kuku linahitaji joto la nyuzi 37.5 hivi kwa siku 21, pamoja na unyevu, na kugeuzwa mara kwa mara. Ukisema hivyo tu unasomesha somo la sayansi. Lakini yeye alieleza umeme ulivyokatika mayai yakiwa yamebakiza siku chache, akajaza maji ya moto kwenye chupa, akazipanga ndani ya boksi, akalifunika kwa mablanketi, na akakesha akibadilisha maji. Wafugaji walinitafuta kuuliza ni chupa za ukubwa gani.

Wazee wanahitaji subira. Mmoja, fundi wa mashine za alizeti, nilimkuta kivulini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Na hicho kidude ni cha nini?"

"Cha kurekodi, mzee. Nataka unieleze ulivyoifanya mashine hii ikubali."

"Mimi si mtaalamu. Wataalamu wako mjini."

"Sawa mzee. Mara ya kwanza ilikukatalia wapi?"

Hapo akavuta kigoda, akaanza na mkanda uliokuwa ukiteleza, na jua likazama akiwa bado anazungumza.

Kwa kila vipindi kadhaa vya nyumbani mimi huchanganya kimoja cha mbali, ili msikilizaji aone kwamba fundi wake na mwanasayansi wanafanya kazi ya aina moja. Niliwahi kusimulia habari za Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, ambaye chujio lake la maji lilishinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi mwaka 2015, tuzo inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Fuatilia pia MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019. Washiriki wake wanatoka kila kona ya nchi, na wengi wanafurahi kupigiwa simu.

3. Rekodi kulingana na mahali ulipo

Maadui wangu ni watatu. Wa kwanza ni upepo, na aliyefika Singida wakati wa kiangazi anaujua. Wa pili ni mvua juu ya bati, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Wa tatu ni malori.

Kimbilio langu ni stoo ya alizeti. Magunia yaliyojaa mbegu, yakipangwa hadi karibu na dari, hupunguza kelele za nje na hunyonya mwangwi vizuri kuliko chumba chochote cha hapa. Kama huna stoo, tumia chumba chenye godoro na nguo nyingi. Simu iwe kwenye hali ya ndegeni, na maiki iwe umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipige. Ukilazimika kurekodi nje, mpe upepo mgongo na uivishe maiki sponji.

Kabla ya kuanza, rekodi nusu dakika ya ukimya wa mahali hapo. Programu ya bure ya Audacity itatumia ukimya huo kutambua mvumo na kuupunguza. Tena, rekodi sauti ya kazi yenyewe: nyundo, cherehani, mashine ikiwaka. Sekunde kumi za mashine ya kukamua humfikisha msikilizaji kiwandani kabla hujaeleza lolote.

4. Hariri kwa kumhurumia mwenye bando

Kipindi changu kina dakika kama 20. Natoa marudio na pumzi ndefu, lakini sigusi lafudhi ya mtu. Mgeni akichomeka Kinyaturu, lugha ya huku kwetu, naacha, kisha naeleza kwa sentensi moja.

Faili la mwisho nalitoa kwa MP3 ya mono, kilobiti 64 kwa sekunde. Kwa mazungumzo inatosha kabisa. Dakika moja inakuwa chini kidogo ya nusu megabaiti, hivyo dakika 20 hazifiki MB 10. Ukitoa stirio ya kilobiti 128, uzito unakuwa mara mbili na sikio halipati faida yoyote. Tunza rekodi ghafi sehemu mbili tofauti, maana fleshi hufa bila kuaga, na kila faili liandike tarehe, kijiji na kazi ya mgeni.

5. Ratiba ifuate msimu

Kuna somo kubwa katika mchezo wa redio wa *Twende na Wakati*, ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993. Ulitoka mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, na wahusika walewale. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, alifundisha habari za ukimwi kuliko hotuba nyingi. Watafiti walitaka kuupima, kwa hiyo eneo la kituo cha Dodoma halikurushiwa mchezo huo hadi 1995, ili walinganishe waliousikia na wasiousikia. Tofauti ilionekana. Ninachojifunza ni kwamba ulikuwa na siku yake, saa yake na sura yake, na watu waliupangia muda.

Nami nina siku yangu ya kutoa kipindi, lakini siwezi kurekodi kila wiki. Wakati wa kupalilia na kuvuna hakuna wa kukaa kuhojiwa, hata mimi nina shamba. Kwa hiyo narekodi kwa wingi baada ya mavuno, watu wanapokuwa na nafasi, naweka akiba, kisha natoa kimoja kimoja. Vipindi vya wakati wa mvua viwe vimekamilika kabla mvua haijanyesha. Ukihisi umechoka, tangaza mwisho wa msimu na tarehe ya kurudi. Msikilizaji anasamehe likizo aliyoambiwa.

6. Mfuate msikilizaji alipo

Podikasti husambaa kwa mlisho wa RSS, yaani anwani moja ambayo programu zote za kusikilizia huichungulia kuona kama kuna kipindi kipya. Hakikisha anwani hiyo ni mali yako, ili ukihama kampuni moja kwenda nyingine usiwapoteze wasikilizaji.

Ila wengi wa wasikilizaji wangu hawajui RSS. Wana redio za kuchomeka fleshi au memori kadi. Mchungaji wa ng'ombe huitundika redio yake begani akaenda nayo malishoni siku nzima. Ndiyo maana kila anayekuja kujaziwa nyimbo kibandani namwongezea vipindi viwili bure. Madereva na utingo wanaosimama hapa huondoka navyo, na nimeshapigiwa simu kutoka Rusumo, mpakani na Rwanda, na mtu aliyesikia habari za mizinga ya nyuki wa Itigi. Kwenye WhatsApp, natuma faili pamoja na sentensi mbili za kueleza kilichomo. Usitume kiungo kitupu.

Njia nyingine ni kusikiliza kwa pamoja. Mwaka 1973 kampeni ya *Mtu ni Afya* iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2 katika vikundi. Walisikiliza redio pamoja, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakatoka kuchimba vyoo. Nguvu haikuwa kwenye redio peke yake, kulikuwa na mazungumzo baada ya kuizima. Nimewaomba viongozi wa vikoba viwili wapige kipindi kimoja kila kikao. Maswali yanayotoka huko ndiyo yananipa wageni wanaofuata.

7. Sheria na ulinzi wa mgeni

Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni: zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Soma zinazotumika sasa, na uulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kuhusu leseni na ada kabla ya kuanza. Usiweke wimbo wa mtu kama kiashirio. Tafuta mpiga zeze wa kwenu, mlipe, mwandikishiane.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, hutolewa kwa uvumbuzi mpya. Mgeni wako akieleza kila kitu hadharani kabla ya kuomba, anaweza kuharibu ombi lake mwenyewe. Kabla ya kuwasha maiki, muulize kama ana mpango wa kusajili. Kama anao, mshauri aanzie kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), na kipindi kisubiri. Kwa ushauri wa kutengeneza na kuuza, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) lipo tangu 1973 na lina ofisi mikoani.

Fedha haitakuja haraka. Bando na umeme nalipia kwa kibanda. Duka la pembejeo hununua tangazo msimu wa kupanda, na hapo ndipo mapato yangu yalipofikia kwa sasa. Usiache kazi yako kwa ajili ya podikasti, hasa ikiwa kazi hiyo ndiyo inayokukutanisha na wageni.

Anza hivi

Chukua karatasi, andika swali lako juu kabisa. Chini yake orodhesha watu 20 wanaoweza kulijibu na ambao unaweza kuwafikia bila nauli. Ukifika 20, tayari una podikasti, na simu uliyonayo inatosha kuianza. Usipofika, badilisha swali kwanza. Maiki utanunua baadaye.