Kunuka, kunukia na marashi ya vanila

Yaya yangu anauza marashi sokoni, hapa Lubumbashi. Mwezi wa tano mwaka jana, asubuhi zilipoanza kuwa za koti na kofia ya sufu, alinunua katoni nzima ya vichupa vya aina ile ambayo Kifaransa huiita « parfum gourmand »: vanila, sukari iliyoungua, kidogo kakao. Pesa aliyoweka ni ile ya kodi ya nyumba. Ilibidi vichupa viishe kabla ya joto la mwezi wa kumi, kwa sababu kwenye joto hakuna anayetaka kujipaka keki. Akaniletea karatasi za kubandika na kalamu ya wino mzito: « Weye njo unasomaka maluga. Uniandikie mu Kiswahili, batu baelewe. »

Nilikubali haraka. Kumbe nilikuwa nimekubali mtihani.

Nikaanza na kamusi. « Gourmand » kwa Kiswahili ni mlafi, au mroho. Yaya alicheka mpaka akakaa chini. « Marashi ya mulafi! Unataka banicheke? » Alikuwa na haki. Neno la Kifaransa lina uso mbili: ni mtu anayekula kupita kiasi, lakini pia ni mtu anayependa vitu vitamu, na uso huo wa pili unapendeza. Ulafi wetu una uso mmoja tu, na ni mbaya.

Nikajaribu « Marashi matamu ». Hapo hakuna aliyecheka, na hakuna aliyenunua kwa sababu hiyo pia. Wateja walielewa kwamba marashi ni mazuri, jambo ambalo kila muuzaji husema. Kivumishi -tamu si ndugu pacha wa « sucré ». Nyama yenye chumvi ya kutosha ni tamu, maji ya mto ni matamu yakilinganishwa na ya bahari, sauti ni tamu, usingizi ni mtamu. Tunaposema hapa mjini « ile chakula iko butamu », hatusemi lolote kuhusu sukari. -Tamu inasifu bila kueleza chanzo cha sifa. Ukitaka sukari, lazima uitaje sukari yenyewe.

Hapa inabidi nikiri jambo. Muhula uliotangulia, katika kazi ya semantiki, nilikuwa nimeandika kwamba Kiswahili hakina msamiati wa harufu, kina « nzuri » na « mbaya » basi. Mwalimu alinipa 9 juu ya 20, na pembeni akaandika kwa wino mwekundu maneno matatu yenye alama ya kuuliza: uvundo? vumba? shombo? Ni kweli. Kilichooza kina uvundo, samaki ana vumba au shombo, kwapa lina kikwapa. Harufu mbaya tumezipa majina. Zile nzuri mara nyingi tunaziita kwa kitu kinachozitoa: udi, ubani, mkarafuu. Na marashi yenyewe, ambayo pwani ni hasa maji ya waridi, yamesafiri mbali: katika Kilingala yanaitwa malasi.

Kosa langu lilikuwa kutafuta vivumishi tu, kwa sababu vitabu nilivyosoma vinazungumzia vivumishi. Asifa Majid na Niclas Burenhult walionyesha mwaka 2014 kwamba wasemaji wa Kijahai, lugha ya wawindaji wa rasi ya Malei, wanataja harufu kwa urahisi uleule wanaotaja rangi, wakati wasemaji wa Kiingereza hubabaika. Karibu na kwetu, Jean-Marie Hombert alikwisha kuchunguza istilahi za harufu katika lugha za Gabon mwaka 1992. Nilisoma hayo nikahuzunika, kama mtu aliyeona nyumba ya jirani ina umeme. Sikuangalia kama waya ulikuwa umepita kwetu kwenye kitenzi.

Tazama kitenzi. Mzizi -nuka unajulikana katika lugha nyingi za Kibantu. Kibemba, jirani yetu, kina -nunka. Kiswahili kinachukua -nuk-, kinaweka kiambishi cha kutendea -i-, kile kile cha kuandika/kuandikia, na kupata kunukia. Kwa kawaida kutendea kunaongeza mtu anayefaidika. Hapa anayefaidika hatajwi, ila yumo: ni pua ya msemaji. Kinachonuka kinatoa harufu tu, na kwa matumizi ya leo harufu hiyo ni mbaya. Kinachonukia kinamtolea mtu harufu, na mtu huyo anafurahi.

Linganisha:

(1) Ananuka pombe.
(2) Ananukia udi.
(3) Chumba kinanukia mkate.

Jina la chanzo linakaa moja kwa moja baada ya kitenzi, bila kihusishi. Kifaransa nacho kinasema « ça sent le pain », lakini « sentir » haina upande. Inangoja « bon » au « mauvais » ije kuhukumu. Kwetu kazi zimegawanywa: jina linasema ni harufu ya nini, kitenzi kinasema kama msemaji ameipenda. Kwa hiyo jina moja linaweza kupita pande zote mbili:

(4) Ananukia vanila.
(5) Ananuka vanila.

Sentensi ya (5) si kosa la sarufi. Niliisikia mwenyewe kwenye meza ya yaya, kutoka kwa mama mmoja aliyerudisha kichupa: « Bwana yangu anasema ninanuka vanila. » Hakusema harufu ni tofauti na ile aliyonunua. Alisema imezidi. Yaya alimwambia apulize mara moja tu, kwenye kitambaa cha shingo, asiweke kwenye ngozi. Mama akarudi na kichupa chake.

Ushauri huo una sababu yake. Vanilini, molekuli inayoipa vanila harufu yake kuu, ni nzito na huvukiza polepole. Kwenye baridi inatoka kidogo kidogo, na sufu inaishika siku nzima. Kwenye joto inatoka kwa wingi na kuchosha pua. Ndiyo maana marashi haya ni ya majira ya baridi, hata huko yalikozaliwa. Yale yanayotajwa kama mwanzo wa aina hii ni Angel ya Thierry Mugler, mwaka 1992, ambamo Olivier Cresp alitumia kwa wingi ethili maltoli, yenye harufu ya sukari ya kuungua, akaizuia isichoshe kwa pachuli, jani lenye harufu ya udongo.

Vanila yenyewe si mgeni nchini kwetu. Inalimwa Kivu ya Kaskazini, upande wa Beni. Asili yake ni Mexico, na nje ya huko lazima ua lichavushwe kwa mkono, mbinu iliyogunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12. Ganda bichi karibu halina harufu. Hainuki, hainukii. Harufu huja baada ya majuma mengi ya kulichemsha kidogo, kulifunika litoe jasho na kulianika.

Lilibaki neno « chaud ». Marashi ya joto? Yaya alisema hapana, joto ni la mwezi wa kumi, na hilo ndilo tunalokimbia. Vuguvugu ni la maji yaliyosahauliwa. Tukarudi tena kwenye kitenzi, kama wanavyosema watu juu ya chai ya tangawizi: inapasha mwili moto.

Kibandiko kilichopita ni hiki: « Yananukia vanila na sukari ya kuungua. Yanapasha moto. » Hakuna kivumishi hata kimoja ndani yake. Kufikia katikati ya mwezi wa nane vilibaki vichupa vinne, na kodi ilikuwa imelipwa. Kwenye kimoja cha hivyo vinne yaya alikuwa ameongeza kwa mkono wake, chini ya maandishi yangu: « sawa bitumbula ya asubui ». Sijui kama kamati ya jarida hili itaniruhusu kuuita mfano wa (6), lakini ndicho kichupa kilichouzwa kwanza.